Super Mario Bros. 3: utamu uko katikati, kule wengi tulikoruka

Nimemaliza tena Super Mario Bros. 3, gemu ya Nintendo, ile yenyewe ya kwenye kaseti, na safari hii nimepita dunia zote nane kwa mpangilio bila kupuliza filimbi hata moja, na naomba niseme wazi kwamba hii gemu wengi tunaisifia huku hatuijui vizuri. Tunajua mwanzo wake na mwisho wake. Dunia ya 1 kila mtu kaicheza, dunia ya 2 ile ya jangwa kila mtu kaiona, halafu mtaani hakosekani jamaa anayejua filimbi zilipo, anapuliza mbili, anatokea dunia ya 8 kwenye vifaru na mizinga, anakufa kufa pale, mnazima mnaenda kula. Sasa hizo dunia tano za katikati, kuanzia ya 3 mpaka ya 7, ndio gemu yenyewe aisee, na ndio ambazo watu kibao hawajawahi kuzikanyaga.

Sababu kubwa ni kuseve. Gemu imetoka Japani Oktoba 1988, Marekani ikafika Februari 1990, Ulaya mwaka 1991, na ndani ya kaseti yake hamna betri wala hamna paswedi. Ukizima umeanza upya. Na sio kwamba teknolojia haikuwepo, maana Nintendo hao hao walishaweka betri kwenye kaseti ya The Legend of Zelda ya Marekani mwaka 1987, ila kwa Mario walichagua kuweka filimbi, yaani njia ya mkato kwa mtu asiye na muda wa kukaa siku nzima. Filimbi zipo tatu, mbili dunia ya 1 na moja dunia ya 2, ukipuliza moja unaenda sehemu ya mabomba ya kuchagua dunia, ukiwa palepale ukapuliza ya pili unatua dunia ya 8. Kwa mtoto ambaye saa mbili usiku TV inatakiwa taarifa ya habari, au umeme unaweza kukatika dakika yoyote, ulitegemea afanye nini? Atapuliza tu.

Kwa sisi wa huku kuna sababu nyingine juu ya hiyo. Wengi hatukuwa na Nintendo halisi, tulikuwa na zile TV game za Kichina, kopi za Famicom, yaani Nintendo ya Japani, zilizojaa Kariakoo na kule Luthuli Nairobi miaka ya 90 mpaka 2000 na kitu, zinakuja na padi mbili na bunduki ya kupigia bata na kaseti ya njano imeandikwa ina gemu 9999, ukiiwasha unakuta gemu chache tu zinajirudia, vifaru, sarakasi, pikipiki, na Mario wa kwanza. Mario wa kwanza anaingia kirahisi kwa sababu ni mdogo sana, data yake yote kilobaiti 40 tu. Mario wa tatu ni kilobaiti 384, karibu mara kumi, na bado anahitaji chipu ya ziada inaitwa MMC3 ikae ndani ya kaseti, kwa hiyo mtu anayetengeneza kaseti ya bei ya chini hana sababu ya kuhangaika naye. Ndio maana ukimuuliza mtu wa rika langu kuhusu Mario atakuimbia muziki wote wa ile ya kwanza, lakini ukimtajia kiatu cha kijani, ambacho nitakifikia huko mbele, anakuangalia tu.

Hiyo MMC3 naomba niielezee kidogo kwa sababu ndio siri ya jinsi gemu inavyoonekana. Famicom ilitoka 1983, ikiwa imetengenezwa kwa gemu nyepesi nyepesi. Hapa Mario anakimbia kulia na kushoto, anapaa juu mawinguni, skrini inamfuata kila upande, na wakati huo huo chini kuna kibao cha laifu, sarafu na muda kimetulia hakitikisiki. Mashine peke yake hiyo kazi inaielemea. Sasa ile chipu inahesabu mistari ya picha jinsi TV inavyoichora toka juu kushuka chini, mstari wa kibao ukifika inaishtua prosesa, programu inabadilisha mambo hapo hapo katikati ya picha, mistari ya chini inachorwa kivyake. Na usidhani ni kitu kidogo, PC za wakati ule hata kuitelezesha skrini taratibu zilikuwa zinashindwa, mwaka 1990 John Carmack na wenzake, hawa waliokuja kuanzisha id Software na kutengeneza Doom, walipopata ujanja wa kuifanya PC iteleze kitu cha kwanza walichofanya ni kuiiga Mario 3 kwenye kompyuta wakawapelekea Nintendo. Nintendo wakakataa. Wakaenda zao kutengeneza Commander Keen.

Haya tuingie ndani. Ukiokota jani Mario anaota masikio na mkia, unashika B unakimbia, kule chini kwenye kibao mishale sita inajaa mmoja mmoja mpaka P inaanza kuwaka na kupiga kelele, hapo unabonyeza A mfululizo anapaa. Steji ya kwanza kabisa inakufundisha hicho kitu bila neno hata moja, wanakupa jani, mbele wanakuachia uwanja mrefu wa kukimbilia, juu wamepanga sarafu. Hakuna mtu anayekuja kukusimamisha akueleze, hakuna maandishi, mkono wako ndio unaelewa. Nimecheza gemu nyingi za sasa hivi na kiukweli chache sana zinamheshimu mchezaji namna hiyo dakika ya kwanza tu.

Halafu kuna ramani. Kwenye Mario wa kwanza unapelekwa tu, steji inaisha inakuja nyingine. Hapa unaiona dunia nzima kwenye ramani, unachagua upite wapi, steji nyingine unaziruka kabisa, kuna nyumba za uyoga za kuchukua zawadi, kuna michezo ya kubahatisha, kuna kobe wa nyundo wanazurura ukikutana nao mnapigana. Na vitu unavyopata unaviweka stoo, kwenye ramani unabonyeza B unafungua, unachagua cha kutumia kabla ya kuingia steji. Hili la stoo ndilo linabadilisha kila kitu. Kuna herufi P yenye mbawa inayokufanya upae steji nzima bila kuchoka, kuna wingu la kuruka steji iliyokushinda, kuna sanduku la muziki la kuwalaza wale wa nyundo, kuna nanga ya kuizuia meli ya angani ya mwisho wa dunia isikimbie ukifa. Lakini mtu anayepuliza filimbi dunia ya 1 anafika dunia ya 8 stoo iko tupu, na huko kwa Bowser, adui mkuu, hakuna nyumba ya uyoga hata moja, kwa hiyo lazima ateseke. Ukipita katikati unafika ukiwa umejaza stoo. Ndio walivyoipanga wenyewe, Miyamoto na Tezuka, waliokaa na timu yao zaidi ya miaka miwili kuitengeneza.

Na steji zenyewe ni fupi. Nyingi kama unajua unachofanya hazifiki dakika mbili, na kila moja ina wazo lake moja tu, inakuonyesha, inalikoroga kidogo, inakuachia. Hairudii.

Dunia ya 3 ni maji, na najua kuna watu wanaichukia kwa sababu ya yule samaki mkubwa. Unasimama kwenye kisiwa ambacho chote kinapanda na kuzama, na yeye anakufuata huko huko chini akisubiri maji yapande, akiruka anakumeza mzima mzima, haijalishi umevaa nini wala una ukubwa gani, umekufa. Mimi naipenda hiyo steji. Inakulazimisha ujue mapema utasimama wapi maji yakija, na ukiipita unajisikia umeifanyia kazi. Humu pia ndio suti ya chura inapopata maana, maana nchi kavu ni kero tupu, anarukaruka huwezi hata kukimbia, ila ukimtia majini anakwenda unapotaka wewe, hata maji yanayosukuma kutoka kwenye mabomba hayamyumbishi. Na kuna mtumbwi kwenye ramani, ukiwa na nyundo unavunja jiwe unapita, unapanda mtumbwi, unavuka kwenda visiwa vya pembeni kuna nyumba za uyoga kadhaa. Gemu haikuambii popote kwamba unaweza kuupanda ule mtumbwi.

Dunia ya 4 kila kitu ni kikubwa, kobe wakubwa, matofali makubwa, mabomba makubwa, Mario peke yake ndio kabaki alivyo. Inachekesha kwa macho lakini pia inabadilisha uchezaji kwa sababu vipimo vyote vya kuruka ulivyovizoea vinakudanganya. Kuna steji ya 4-6, yaani ya sita ya dunia ya 4, ina milango, ukiingia mlango mmoja maadui wote wanakuwa wakubwa, ukirudi wanakuwa wa kawaida, sehemu ile ile. Kampuni nyingine hilo wazo moja ingelitengenezea gemu nzima. Hawa wameliweka kwenye steji moja tu, na mwaka 1996 ndio wakalirudia kwenye Super Mario 64 kwenye kile kisiwa cha ukubwa mbili.

Sasa dunia ya 5. Hapa naomba mnivumilie. Dunia hii nusu iko chini ardhini na nusu iko mawinguni, unaingia kwenye mnara chini unatokea juu, na muziki wa ramani unabadilika ukishafika juu. Lakini kabla hujapanda kuna steji ya 5-3, na ndani yake kuna vile viuyoga vibaya vya kahawia vimevaa viatu, kiatu kikubwa cha kijani chenye ufunguo wa kukaza nyuma, vinarukaruka navyo. Ukimgonga mmoja toka chini ya tofali alilosimamia anadondoka, kiatu kinabaki, unakivaa wewe. Ukishakivaa unaruka juu ya miiba, juu ya yale maua yenye meno, juu ya vitu vyote ambavyo tangu dunia ya 1 vimekuwa vikikuua, unavikanyaga. Ukifika mwisho wa steji kiatu kinapotea na hukioni tena mpaka gemu inaisha, steji moja tu kwenye gemu nzima. Fikiria mtu amekaa kachora hicho kitu, kakiandikia programu kivyake, mruko wake, sauti yake, halafu wamekitumia mara moja wakaendelea. Na hiyo iko katikati kabisa, mtu wa filimbi haioni ng'o. Kama una dakika tano tu za kumwonyesha mtu kwa nini hii gemu ni kubwa mpeleke hapo.

Dunia ya 6 barafu, steji kumi na ngome tatu, hapa ndio gemu inarefuka kuliko inavyotakiwa kwa maoni yangu. Utelezi kwenye steji ya kwanza unafurahisha, kwenye ya tano unachosha. Kuna steji nzuri lakini, ile ya sarafu na maua yaliyogandishwa kwenye barafu, ukiwa na ua la moto unayeyusha, sarafu unachukua, ila ukiyeyusha ua nalo linaamka, kwa hiyo unapiga moto kwa akili.

Dunia ya 7 ndio kipenzi changu, ya mabomba. Hata ramani yenyewe ni mabomba, unaingia hapa unatokea kule, nusu ya kazi ni kujua njia. 7-1 ni mnara wa mabomba, ukitokea upande wa kushoto wa skrini unaingilia kulia, unazunguka humo mpaka unaipata njia ya kwenda juu. Kuna nyingine mbele huko sakafu karibu yote ni maua yenye meno na unatakiwa ukimbie juu yake ukiwa na nyota, nyota ikikaribia kuisha lazima uwe umefikia nyingine, hakuna kusimama kufikiri. Mikono inatoka jasho. Ni ngumu lakini ni ugumu wa haki, ukifa unajua kabisa ni kwa nini, na hamu ya kurudia inakuja yenyewe.

Ya 8 mnaijua, vifaru, meli za kivita, mikono inayokuvuta toka chini, ramani giza unaona pale ulipo tu. Ninachotaka kusema ni kimoja, ukifika pale kwa miguu yako, na stoo imejaa, inakuwa dunia ya kufurahia. Na Bowser mwenyewe humpigi hata ngumi, anaruka juu anakudondokea, wewe unakwepa, anavunja matofali chini yake mwenyewe mpaka anatumbukia. Halafu binti mfalme anakutania kidogo, toleo la Kiingereza, msiwahi kuzima.

Kuna jambo la macho ambalo ukishaliona huachi kuliona, hii gemu yote ni jukwaa la maigizo. Mwanzo pazia linafunguka. Matofali ya rangi rangi yamefungwa kwa skrubu kwenye ukuta wa nyuma na yanatupa kivuli. Mwisho wa kila steji ya kawaida unatoka kwenye mwanga unaingia gizani, yaani umetoka nyuma ya jukwaa. Watu walibishana miaka na miaka, Miyamoto mwenyewe akathibitisha mwaka 2015 kwamba ndivyo. Ndio maana kwenye 1-3 ukichuchumaa juu ya lile boksi jeupe sekunde kadhaa Mario anadondoka nyuma ya mandhari, anakimbia nyuma ya kila kitu mpaka kwenye filimbi. Kajificha nyuma ya mapambo ya jukwaa.

Muziki ni wa Koji Kondo, na hapa ametumia ngoma zilizorekodiwa kweli, vipande vidogo vidogo vya sauti, ndio maana mdundo una uzito ambao Mario wa kwanza hana. Kila dunia ina kawimbo kake ka ramani, kafupi lakini kanakaa kichwani. Wa meli ya angani ni jeshi kabisa, unakuja na mabomu kila upande, ukisikia tu unakaa sawa kwenye kiti.

Kasoro zipo na nazisema. Wakubwa wa mwisho wa dunia, wale saba wanaoitwa Koopalings, ni wepesi mno, karibu wote ni kuwakanyaga kichwani mara tatu basi, na yule wa kwenye ngome ni huyo huyo mmoja tangu dunia ya 1 mpaka mwisho, mara nyingine kaota mbawa. Steji zinazojisogeza zenyewe ni nyingi kuliko ninavyopenda, unakaa unasubiri skrini. Kwenye TV za sasa pembeni kulia utaona rangi za vipande zinachanganyikana Mario akikimbia, sio TV yako mbovu, ndivyo mashine ilivyokuwa, zamani TV za kichogo zilikuwa zinaificha sehemu kubwa ya hapo. Na kukiwa na vitu vingi skrini moja gemu inakuwa nzito kidogo. Ila kubwa kuliko zote ni hiyo ya kutokuseve, na hiyo leo imeshatibika.

Kuitibu ndio hivi. Kwenye Nintendo Switch ipo kwenye huduma yao ya Online tangu ilipoanza Septemba 2018, karibu dola 20 kwa mwaka kwa bei ya Marekani, na gemu nyingine za zamani kibao unazipata humo humo. Unaweza kuigandisha popote ukarudi kesho. Pia wanakupa kitu cha kurudisha muda nyuma ukifa, na ushauri wangu ni ukiache kabisa, maana ukikitumia zile steji za dunia ya 7 zinakuwa hazina ladha yoyote. Mimi naigandisha nikiwa kwenye ramani tu, kati ya steji na steji, basi. Inatosha, na inaacha ugumu wake mahali pake. Ukipata Super Mario All-Stars ya 1993 ya Super Nintendo, picha zimechorwa upya na inaseve, nzuri kwa mtoto, ila ile giza ya rangi chache ya zamani na zile ngoma za kwanza mimi bado nazitaka. Ya Game Boy Advance ya 2003 inaseve pia, skrini ndogo.

Chochote utakachotumia usicheze kwa kugusa skrini ya simu, tafuteni padi, hata ya bei ya chini, kwa sababu B unaishikilia muda wote na A unaipiga juu yake kwa kidole gumba hicho hicho, kwenye kioo hiyo haiwezekani. Na TV iwekeni kwenye modi ya gemu, bila hivyo unabonyeza, Mario anachelewa kuruka, utadhani gemu ndio mbovu.

Kama mko wawili ni bora zaidi. Mnapokezana kwenye ramani moja, Mario akifa au akimaliza steji Luigi, yaani mchezaji wa pili, anaendelea, na mwenzako akiwa amesimama sehemu yake unaweza kumfuata hapo hapo mkaingia kupigana, mnang'ang'ania zile kadi za mwisho wa steji, uyoga, ua na nyota. Kadi tatu za nyota zinakupa laifu tano. Ili upate nyota njoo kwenye lile boksi la mwisho wa steji, kadi zinapobadilika badilika, kwa mbio kamili, P ikiwa inawaka, uruke bila kusimama, karibu kila mara itasimama kwenye nyota.